Sauti Chini ya Kitanda Changu

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na hata leo nikilikumbuka masikio yanawaka moto. Acha niliseme tu, nimechoka kulibeba.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Niliishi peke yangu katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, kule mtaa wa Jericho, Eastlands ya Nairobi, ile ile nilimozaliwa. Baba alikuwa amestaafu kazi ya reli, akarudi nyumbani magharibi mwa Kenya pamoja na mama, akaniachia vyumba viwili, meza na redio ya kaseti. Mimi nilifanya kazi ya kuchapa na kuingiza hesabu za mizigo kwenye kompyuta ya ofisi moja upande wa viwandani. Kwa kuwa nilijua kuwasha hilo dude na kulizima bila kuliharibu, watu wa mtaa wetu walianza kuniita injinia. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliitika. Baada ya mwezi, mtu akiniita kwa jina langu nilikuwa naona amenivunjia heshima.

Ofisi ilipotupa kompyuta zake kuukuu niliomba mbili, nikazibeba kwa mkokoteni mpaka mlangoni, mtaa mzima ukitazama. Nilitembea mbele ya huo mkokoteni kifua mbele, kana kwamba nimeleta bibi harusi. Mfumo wa Linux, wa kuendeshea kompyuta, niliupata kwenye sidi iliyobandikwa juu ya gazeti la kigeni, lile la kuuzwa kando ya barabara mjini pamoja na vitabu vilivyokwisha kusomwa. Niliuweka wikendi tatu. Ulikataa, nikautukana. Ukakataa tena, nikautukana kwa Kiluhya. Matusi ndiyo sehemu pekee ya lugha ya nyumbani niliyoijua vizuri, kwa sababu sisi tuliozaliwa Eastlands tulikua tukiongea Sheng nje na Kiswahili ndani, na wazazi walipotusemesha kikwetu tulijibu "sawa" tukakimbilia mpira.

Nilitaka kujenga seva. Yaani kompyuta isiyo na skrini, kazi yake kuhifadhi tu, ikae chini ya kitanda ikinguruma. Waya ungetoka hapo, upite chini ya mlango hadi sebuleni, na kompyuta ya pili yenye skrini na spika ingechota humo chochote unachotaka kusikia. Boksi la ile ya chini ya kitanda lilikuwa limepasuka, basi nilienda Kariobangi kwa fundi wa majiko, nikamchorea kwenye karatasi ya unga boksi la bati nililolitaka. Akalikata, akalichomelea, akalitoboa matundu ya hewa sawasawa na ya majiko yake. Aliponikabidhi aliniuliza, "Na majivu yatatokea wapi?" Nilikasirika kweli. Nilimwambia hajui anaongea na nani.

Nilichotaka kuhifadhi ni kaseti. Wakati huo kwetu barua zilikuwa kaseti. Mzee wako yuko nyumbani, kalamu haiwezi au hataki, basi anakaa mbele ya redio, anabonyeza vidude viwili kwa pamoja, anasalimu ukoo mzima mpaka ng'ombe, anamkabidhi kondakta wa basi. Wewe Nairobi unaipokea, unasikiliza, kisha unarekodi majibu yako juu ya salamu zake, kwenye kaseti ile ile, unairudisha. Kaseti moja iliweza kwenda na kurudi miaka miwili, kila safari ikifuta ya kabla yake. Hakuna aliyelia. Ndivyo kaseti ilivyofanya kazi.

Mimi nikaona nimewazidi wote akili. Nilichomeka redio kwenye kompyuta kwa waya, nikawa nanasa sauti ya baba kabla sijaifuta. Baba alikuwa akilalamika kila kaseti, "Unanijibu kwa Kiswahili kama karani. Lugha yako umeipeleka wapi?" Hayo malalamiko yote niliyahifadhi, kwa mpangilio, kila moja na tarehe yake. Kuyajibu ndiyo sikujibu.

Mlango wa pili kutoka kwangu aliishi mama mmoja mjane mwenye watoto watano. Nilimwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama mtaa wote, na yeye aliniita "baba," kama mama zetu wa kule wanavyowaita vijana wao. Alikuwa akinunua nguo za mitumba za watoto sokoni Gikomba, anazifua, anazipiga pasi siku nzima ya Jumamosi, halafu anaziuza kwenye soko letu zikiwa zimekunjwa vizuri hata huwezi kujua zimewahi kuvaliwa. Hiyo pasi tuligombania. Nyumba zetu zilikuwa kwenye laini moja ya stima, yaani umeme, na kila pasi yake ilipovuta moto balbu yangu ilififia, kisha ikarudi. Nilikwenda kumwambia anaiharibia seva yangu chakula. Alinijibu, "Basi seva yako ije ikunje nguo, nami nipumzike." Nilirudi kwangu nimenuna.

Mume wake alikuwa mtu wa kanjo, mpole, mcheshi. Aliugua, akapelekwa nyumbani kwa mama yake apumzike. Huko alikohoa miezi miwili. Siku moja aliomba watu wote watoke nje, akavuta redio karibu na kitanda, akarekodi upande mmoja wa kaseti akiwa peke yake. Akaituma kwa basi. Habari ya kifo chake ilifika Nairobi siku moja kabla ya hiyo kaseti. Mama wa watu alikuwa anafunga mizigo ya kwenda kuzika, kondakta akabisha hodi na kumpa bahasha iliyoandikwa kwa mkono wa marehemu.

Hakuisikiliza. Aliniambia hakuweza, vidole vilikataa kubonyeza. Ukoo ukakubaliana kwamba kaseti isikilizwe siku ya ukumbusho, baada ya mwaka, watoto wote watano wakiwa wamekaa mbele ya bibi yao. Aliifungia kwenye mkebe wa majani chai, juu ya kabati.

Ukumbusho ulipokuwa umebaki kama miezi miwili, redio yake ikatafuna kaseti ya kwaya, utepe ukatoka kama matumbo. Aliogopa. Akaja kwangu na ule mkebe kaushika kwa mikono miwili.

"Baba, wewe ni mtu wa mashine. Hii nikuachie?"

"Mama, umefika penyewe," nikasema. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyosema.

Nilimweleza kila kitu nilichokijua na nusu ya nisichokijua. Kwamba nitaitoa sauti kwenye utepe, niiweke chini ya kitanda, halafu ikikaribia siku ya safari nitamtolea kaseti mpya tano, kila mtoto na yake. Aliposikia kila mtoto na yake, alikaa kwenye kiti. Nikambonyezea kipande cha katikati, sekunde chache tu, ajue mashine inafanya kazi. Sauti ya mumewe ikatoka kwenye spika. Aliinua mkono.

"Zima. Tutasikia wote siku hiyo."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeisikia yote, dakika zote thelathini, peke yangu. Nasema nimeisikia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekodoa macho kwenye skrini, kwenye vile vipande vya kijani vinavyopanda na kushuka sauti ikiingia, vikipita kiasi vinageuka vyekundu. Alikuwa anaongea Kiluhya cha ndani, cha wazee, nami nilikuwa nashughulika na mkwaruzo wa utepe. Nilifurahi mkwaruzo ulipopungua. Marehemu anaaga familia yake, mimi nafurahia mkwaruzo!

Wiki iliyofuata, Jumamosi asubuhi, alikuja mbio. Jamaa wa kwao alikuwa anasafiri na basi la saa nne, na mama alitaka kumtumia mama mkwe salamu za mipango ya ukumbusho: nani aalikwe, mahema yatoke wapi, yeye atafika lini. Hakuwa na kaseti. Ile ya kwaya ilikuwa imetafunwa. Maduka ya karibu hayakuwa nayo, na muda ulikuwa unayoyoma.

"Si unayo hii?" nikamwambia, nikachukua ile kaseti ya mume wake juu ya meza yangu.

Akanitazama. "Hii?"

"Hiyo sasa ni utepe tu, Mama. Sauti imeshatoka. Iko kwa kompyuta, na kompyuta haisahau."

"Una hakika, baba?"

Nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilicheka. Nikamwambia mambo ya kuabudu kaseti ni ya zamani. Nikaiweka mwenyewe kwenye redio yangu, nikairudisha mwanzo mwenyewe, na nikabonyeza vile vidude viwili mwenyewe, kwa sababu mkono wake ulikuwa umesimama hewani. Akaongea kama dakika tisa, akisalimu na kutaja mipango, kisha nikazima, nikampa, akakimbia nayo stendi.

Wiki tatu baadaye nilipata diski ya pili, kile chombo cha ndani kinachohifadhi kila kitu, kubwa mara mbili ya ile ya kwanza. Nilitaka seva ya maana, yenye nafasi ya kaseti za mtaa mzima. Jumamosi mchana nikafungua boksi la bati. Lilikuwa jembamba, yule fundi alilipima kwa macho, na waya wa ndani haukufika pale nilipoikaza diski mpya. Nikafanya ujanja. Nikabadilisha nafasi za vichomeko, ya zamani nikaipa ncha ya pili, mpya nikaipa ya kwanza, nikawasha.

Sasa, katika Linux diski ya kwanza kwenye waya ina jina lake na ya pili ina lake, tofauti yao herufi moja. Kichwani mwangu diski mpya ilikuwa bado "ya pili," kwa kuwa ndiyo niliyoipata pili. Nikaiamuru mashine isafishe ya pili, iiandae upya. Linux haikuulizi mara mbili kama umeipa amri ukiwa bwana mkubwa, yaani mwenye ruhusa zote. Namba zikaanza kutembea. Nikaenda kuchemsha chai, napiga mluzi, balbu ya jikoni ikififia na kurudi, ikififia na kurudi.

Nilirudi na kikombe, nikatazama ukubwa wa diski iliyosafishwa. Ulikuwa ukubwa wa ile ndogo, ya zamani, yenye sauti zote.

Nilisoma tena. Nikakaa sakafuni. Nikasema, "La, la, la," kwa sauti, kama mtoto. Nilijaribu kila nilichokijua, ambacho hakikuwa kingi, na kila nilichogusa kiliongeza uharibifu. Malalamiko yote ya baba yalikuwa yamekwenda, lakini baba alikuwa hai, angelalamika tena. Ile kaseti ya marehemu ilikuwa magharibi kwa mama yake, na nilijua kama unavyojua jina lako kwamba bibi ameshasikiliza salamu na kurekodi majibu yake juu ya kila kitu. Ndivyo kaseti ilivyofanya kazi.

Ningekwenda wakati ule ule. Hatua kumi na tano tu. Badala yake nilikunywa chai, nikalala, na Jumapili baada ya kanisa nikaenda na maneno niliyoyapanga.

"Mama, jana stima ilipotea ghafla. Ikarudi kwa nguvu. Ikaunguza diski."

Alikuwa amesimama katikati ya nyumba, shati la mtoto mkononi. Aliinua macho akatazama balbu, akatazama pasi yake pale juu ya meza, kisha akanitazama mimi. Muda mrefu. Mimi nikatazama viatu.

"Yote?"

"Yote, Mama."

Akalikunja lile shati pole pole, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kola juu. "Pole, baba," akasema. "Ulijaribu."

Jioni akanitumia bakuli la kunde na ugali wa wimbi. Nilikula. Nilikuwa na njaa, nikala yote, na nikarudisha bakuli safi. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nikiosha lile bakuli.

Habari ya stima ikaenea. Majirani wakaja kunipa pole! Wakailaani stima, wakawalaani wenye stima, mzee mmoja akaniambia niwashitaki. Nami nikaitikia, nikaongeza chumvi, mpaka nikaeleza jinsi nilivyoona cheche. Yule mama alikuwa ameniomba mapema nisafiri naye, niwe mtu wa kubonyeza kaseti mbele ya ukoo. Nikamwambia ofisini hawaniruhusu. Ofisini sikuwa hata nimeuliza. Siku ya safari nilisikia watoto watano wakiburuta mifuko nje ya mlango wangu, nikajifanya sipo.

Walikaa huko wiki moja. Aliporudi, alikuja kwangu Jumamosi mchana, akakataa soda, akakaa kwenye kiti kile kile. Akafungua fundo la leso. Ndani yake mlikuwa na kaseti.

"Bibi hakurekodi majibu," akasema.

Akanieleza. Mama mkwe wake alikaa na majirani wakasikiliza salamu za ukumbusho. Salamu zikaisha. Kikongwe hajui kuzima redio, huwa anangoja mjukuu, basi utepe ukaendelea kuzunguka, na humo ndani mwanawe aliyezikwa akaanza kuongea. Bibi alipiga yowe mpaka watu wakatoka mashambani. Tangu siku hiyo kaseti haikuguswa. Aliifunga kwenye leso akalala nayo, akaogopa hata kuituma kwa basi, akasema mwenye nayo aje.

"Kwa hiyo mmesikia," nikasema. Nilisimama kwa furaha. Mpumbavu mimi, nilidhani nimesamehewa na utepe.

"Tumesikia kuanzia katikati ya mtoto wa pili. Anamwambia asiwapige wadogo zake. Halafu wa tatu, wa nne, na huyu mdogo, huyu amemwambia mengi." Akaikunja ile leso. "Kifungua mimba wangu alikaa akisubiri zamu yake mpaka kaseti ikaisha."

Nikakaa.

"Na mwisho kabisa," akasema, "ananiita mimi. Anasema, mke wangu, nimemaliza. Yale niliyokuambia mwanzo, yashike hayo hayo."

Nje watoto walikuwa wanacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, wakihesabu. Nikafungua mdomo. Nikaanza, "Mama, ile stima..."

"Stima haikupotea," akasema. Hakupandisha sauti. "Jumamosi ile nilikuwa napiga pasi. Nilianza asubuhi nikamaliza jioni, nguo zote za soko. Haikupotea hata dakika moja."

Lo! Ningetamani anitukane. Ningetamani aite mtaa mzima. Alikuwa anajua tangu siku ile ya shati. Alijua akinipikia kunde. Alikuwa amewasikia majirani wakinipa pole dirishani kwangu, akawaacha.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeniambia nini? Na ingerudi?" Akaiweka kaseti juu ya meza, mbali na redio yangu. "Sikuja kwa hilo. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyesikia mwanzo. Ni wewe. Niambie alisema nini."

Nikamwambia ukweli, wa kwanza tangu nimjue kuhusu ile mashine. Kwamba diski niliifuta mimi kwa mkono wangu, kwa haraka na maringo. Kwamba mumewe alipokuwa akiongea nilikuwa natazama vipande vya kijani. Kwamba Kiluhya chake kilinipita, nilishika neno hapa na pale, na hayo maneno machache nayo sikuyaweka. Alikuwa akitikisa kichwa kidogo kila nikisema, siyo kukataa, ni kama mtu anayepokea mzigo akiupanga begani.

"Hakuna chochote?" akauliza. "Hata kimoja?"

Nikafumba macho. Niliirudia ile siku ya kunasa sauti, kiti, waya, mkwaruzo. Na kulikuwa na kitu. Mwanzoni kabisa, kabla ya yote, vipande vya kijani viliruka vikawa vyekundu ghafla, nami nikalaani, nikapunguza sauti.

"Alicheka," nikasema. "Alisema maneno kidogo, halafu akacheka. Kwa nguvu. Mpaka mashine ikazidiwa."

Akaweka kiganja mdomoni. Miezi miwili ya kukohoa, na mtu huyo amewatoa wote nje, amebaki na mkewe peke yake kwenye utepe, na kitu cha kwanza ni kicheko. Yeye alijua kilikuwa cha nini, au alikuwa anatafuta. Mimi sikujua na sina haki ya kujua.

"Alicheka vipi?" akauliza.

"Mama?"

"Nionyeshe."

Nikajaribu. Kilitoka vibaya, kikavu, nikaona haya mpaka shingoni. Hakucheka, hakulia. Alisogeza kiti karibu na changu, akainamisha sikio, akaniambia nirudie.